Damu Iliyokumbuka Togwa

Usiku wa jana niliota nimeketi kwenye benchi la kliniki ya sukari, na pembeni yangu kimeketi kidole changu cha mguu.

Ni kile kidogo cha mwisho, cha mguu wa kushoto, chenye kidonda. Kimevaa kofia ya sufu kwa sababu ya baridi ya Njombe, na mapajani kimepakata furushi la kitenge. Nikautazama mguu wangu, nikakuta mahali pake ni patupu na pamefagiliwa. Sikushtuka. Nikakisalimu, kikaitika.

Nikakiuliza kinakwenda wapi.

"Nasafiri," kikasema. "Nangoja majibu yako tu. Yakitoka mazuri, naondoka na gari la saa nne."

Nikakiambia labda kimekosea, maana watu huondoka majibu yakiwa mabaya. Kikasema hakijakosea, na kwamba mimi najua kwa nini.

Ni kweli, nilijua. Nieleze, ili anayesoma aelewe.

Mimi naitwa Skolastika Mgaya. Nina miaka sabini na moja, shule niliishia darasa la nne, na sukari ninayo mwaka wa tisa sasa. Kila mwezi naenda kliniki, na kila mwezi, siku tatu kabla ya kwenda, najiandaa. Asubuhi chai kavu, mchana mboga za majani, jioni maji na sala. Siku ya kliniki nesi Ansila ananichoma kidole cha mkono, kimashine kinaandika tano au sita, naye anakiinua juu wenzangu waone. Mwigeni bibi Skola, anawaambia. Wenzangu wananitazama kwa jicho la pembeni, hasa mzee Mlowe, ambaye namba yake haijawahi kushuka chini ya kumi na tano. Aliwahi kuniuliza kama mimi nina tumbo au nina kabati la kufungia sukari.

Daktari wa zamani aliziona namba hizo nzuri mwezi baada ya mwezi, akanipunguzia vidonge kutoka viwili hadi kimoja. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikitembea kama bibi arusi.

Basi mwezi wa tano nikachubuka kidole kwa kiatu kipya, na mpaka leo hakijafunga. Jana asubuhi daktari mpya, binti mdogo wa akina Mbilinyi, alikitazama kidole, akaitazama namba, akarudi tena kwenye kidole. Akasema, bibi, hivi viwili havifahamiani. Akaniambia kama sukari yangu kweli ni nzuri hivi, basi ubaya uko kwenye mishipa, na itabidi anipeleke kwa wapasuaji wakione kidole, huenda wakakitoa kabla uozo haujapanda. Lakini kama sukari ni mbaya, kuna dawa, na kidole kinaweza kupona. Akanichukua damu ya sindano kwenye mkono, akaiita kipimo cha miezi mitatu, akasema majibu ni kesho. Nilinuna. Nikamwuliza kwani hamniamini. Akasema, bibi, wewe nakuamini, sasa nataka kuiuliza damu.

Ndiyo maana kidole kilikuwa kimefunga mzigo.

Mlango unafunguliwa. Anatoka sisimizi, kimo chake kama changu, amevaa koti jeupe la kupimia na miwani ya kamba. Miguu yake ni mitano. Anaita: "Skolastika Mgaya na damu yake."

Nikainuka. Kidole kikanifuata na furushi lake. Nilipopita, sisimizi akaniona naangalia miguu yake, akaniambia ule wa sita uliganda kwenye sukari guru mwaka wa njaa, na tuendelee.

Nikamwuliza kama yeye ni daktari.

"Mimi ni mpimaji mstaafu," akasema. "Kabla hizi mashine hazijaja, nani alikuwa anapima sukari? Mtu akikojoa nyuma ya nyumba, sisi tukija tukakusanyika, wazee wanajua ana sukari. Tusipokuja, wanajua hana. Hatukuwahi kukosea, na hatukuwahi kupewa hata kiti."

Nikamwambia pole. Akasema ameshazoea.

Ndani hakukuwa chumba cha daktari. Kulikuwa jiko la kigango chetu, lile la nyuma ya kanisa, na masufuria makubwa ya togwa yamepangwa ukutani yanapumua. Daktari Mbilinyi ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, anaandika. Kwenye kiti cha padre kimeketi kile kimashine cha kuchoma vidole, miguu haifiki chini. Na dirishani, kwa nje, naona kofia ya mzee Mlowe. Mahali pa aibu huwa hakosi.

Sisimizi akakitaka kimashine kiseme kinavyonijua.

"Sita nukta mbili," kikasema.

Sisimizi akauliza hiyo ni ya lini. Kikasema ya sasa hivi. Akauliza juzi ilikuwa ngapi.

"Juzi ni nini?" kikauliza kimashine.

Akakieleza kuwa juzi ni siku iliyopita kabla ya jana. Kikauliza jana ni nini. Sisimizi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kimashine kikasema kwa heshima kabisa kwamba chenyewe kinajua tone lililo mbele yake, na kwa tone hilo kinaapa, lakini mambo ya kabla na baada kiulizwe mtu mwingine. Kisha kikanitazama, kikaniuliza mimi ni nani, na kama tumewahi kuonana.

Tumeonana miaka tisa. Nilisikia huruma, nikasikia pia nafuu. Shahidi asiyekumbuka ni shahidi mzuri ukiwa umefanya jambo.

Sisimizi akaandika kwenye karatasi, sita nukta mbili, akaiweka mezani. Kidole kikalivuta furushi karibu.

"Sasa damu," akasema sisimizi.

Wanaingia kwa mstari. Ni watu wafupi wa mviringo, mia moja kamili, wamevaa masweta mekundu, na katikati wamebonyea kidogo kama maandazi yaliyokaliwa. Kila mmoja amebeba mgongoni kichupa cha pumzi. Wananisalimu kamwene, kamwene, mmoja mmoja, nami naitika mpaka koo linakauka. Sikujua kama nina watu wengi hivi nyumbani kwangu.

Sisimizi akawaambia wageuke.

Wakageuka. Hapo ndipo nilipoona. Wengine migongo yao ilikuwa safi, kichupa kimekaa vizuri. Wengine walikuwa na bonge la sukari lililoganda kwenye sweta, jeupe, gumu. Nikamwendea mmoja wa karibu nijaribu kulibandua kwa ukucha. Halikubanduka.

"Acha tu, mama," akaniambia bila kugeuka. "Likishanata limenata. Tunatembea nalo mpaka siku ya kufa."

Nikauliza anakufa lini. Akasema wao wanaishi kama miezi minne, siku mia na ishirini, kisha wanakwenda kuvunjwa kwenye bandama, na kwamba nisihuzunike, ndiyo kazi ilivyo.

Sisimizi akanipa kijiti, akaniambia nihesabu wenye bonge. Nikahesabu kwa sauti, kama darasa la kwanza. Walikuwa kumi na mmoja. Nikarudia kutoka upande wa pili, nikitumaini. Kumi na mmoja. Daktari Mbilinyi, bila kuinua kichwa, akasema kwa mgonjwa kama mimi anapenda wasizidi saba kati ya mia.

Nje ya dirisha mzee Mlowe akakohoa kikohozi cha furaha.

Nikasema haiwezekani. Nikasema mimi sili sukari, chai yangu ni kavu, muulizeni mkwe wangu Imelda. Nikasema na siku tatu kabla ya kliniki hata ugali naukwepa.

Akajitokeza mmoja kutoka mwisho wa mstari. Alikuwa amepauka, sweta limechanika viwiko, na mgongoni bonge lake lilikuwa kubwa kuliko ya wote. Anatembea akishika ukuta. Wenzake wakampisha. Akasema ana siku mia na kumi na tisa, na kesho anakwenda bandamani, kwa hiyo hana haja ya kumwogopa mtu.

"Mimi nilizaliwa kwenye mfupa wa paja lako la kulia," akaniambia, "siku ya arusi ya mtoto wa katekista. Unaikumbuka?"

Nikasema naikumbuka.

"Ulifanya nini siku ile?"

Nikasema nilipika togwa. Na hapo masufuria yote ukutani yakaacha kupumua ili yasikie.

Lazima niseme jambo la kwetu. Mimi ndiye mpika togwa wa kigango, mwaka wa thelathini huu. Baada ya mavuno arusi zinafuatana, na kipaimara, na jubilei za masista, na kote naitwa. Togwa yangu ya ulezi inakolea kwa kimea peke yake, mtu akinywa anauliza umetia sukari kiasi gani, namwambia hata chembe. Na kwetu anayeleta kinywaji hunywa kwanza yeye, mbele ya wageni, waone kuwa hakina kitu kibaya. Ukiweka kata mezani bila kuinywa wewe kwanza, hakuna mkono utakaoigusa. Kwa hiyo kila meza nachota, nakunywa funda, ndipo nawapa. Hiyo mimi sikuwahi kuihesabu kama kunywa. Hiyo ni adabu.

Nikawaeleza hivyo hivyo. "Sikunywa," nikasema. "Niliwaondolea wageni wasiwasi."

Yule mzee akatikisa kichwa taratibu. "Arusi ya mtoto wa katekista, meza ngapi?"

Nikasema ishirini na mbili.

"Na kabla ya meza?"

Nikasema nilionja kila sufuria, maana togwa huwezi kuijua kwa macho.

"Masufuria mangapi?"

Nikasema tisa. Sufuria moja ukutani likasema kumi, mimi nilikuwepo. Nikasema sawa, kumi.

Mzee hakunisimanga. Alitaja tu siku alizoishi, moja baada ya nyingine. Arusi ile. Kipaimara cha akina Sanga. Jubilei. Harambee ya bati za kanisa, ambapo meza zilikuwa chache lakini mkuu wa wilaya alichelewa, ikabidi niondoe wasiwasi mara ya pili. Akasema kila mara mto wa mishipani ulijaa utamu na wao hawana mlango wa kujificha, wanapita humo humo na vichupa vyao, na unaonata umenata. Halafu zinakuja siku tatu za mboga, mto unakuwa mwembamba, safi, wao wanajua kesho ni kliniki, wanapita pale kwenye kidole cha mkono na mabonge yao migongoni, na kimashine kinaangalia maji tu, hakiwaangalii wao.

"Tulikuwa tunakupungia mkono," akasema.

Nikaangalia chini, nikakuta nimesimama kwenye mstari wa chai shambani, ukungu umefika magotini, na meza ya sisimizi iko mbele yangu katikati ya majani. Juu yake kuna karatasi mbili. Moja imeandikwa sita nukta mbili. Nyingine imeandikwa kumi na moja kwa mia. Pembeni kuna wino wa dole gumba.

Sisimizi akasema kila mgonjwa anaondoka na karatasi moja, na anaichagua mwenyewe.

Nikaitazama ile ya sita. Ilikuwa nzuri. Nikaona nesi Ansila akiinyanyua juu, na wenzangu wakinitazama. Nikaona pia mzee Mlowe ameshatoka dirishani, amesimama mwisho wa mstari wa chai na kikapu, anangoja kuniona nikianguka. Nilikuwa tayari kuweka dole.

Ndipo gari likapiga honi barabarani. Kidole kikainuka, kikatengeneza kofia, kikanipa mkono.

"Basi kwaheri, Skola," kikasema. "Tumetembea vizuri. Uliponipeleka kuhiji kwa miguu nilifurahi sana."

Nikakishika. Kilikuwa na joto. Nikakiuliza kama ni lazima.

"Wewe chagua," kikasema. "Ukichukua ile nzuri, wataniuliza mimi nina ubaya gani, nami sina mdomo wa kuwajibu. Kule ndani ya furushi nimeweka soksi moja tu. Sikujua mtu akikatwa anachukua nini."

Nikaweka dole langu kwenye karatasi ya kumi na moja.

Wino ulikuwa baridi. Hakuna aliyepiga makofi. Nikasikia mzee Mlowe anasema, kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa kitu, kwamba kumbe bibi Skola ni mwenzetu, kisha akaja akasimama upande wangu, akanipa nusu ya kiazi alichokuwa anakula. Nikamwambia nina sukari. Akasema na yeye pia.

Daktari Mbilinyi akaichukua karatasi, akaisoma, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Asante, bibi," akasema. "Sasa najua natibu nini. Vidonge vinarudi viwili, na kidole tunakisafisha kila siku, hatukikati."

Kidole kikafungua furushi, kikavaa soksi yake. Kikasema kitangoja miezi mitatu, kione.

Wale mia wakaanza kuondoka, maana walisema hawajawahi kusimama muda mrefu hivi tangu wazaliwe, na mwili una kazi. Nikamfuata yule mzee. Alikuwa anatembea peke yake kuelekea bondeni, kwenye nyumba ya zambarau yenye moshi, nikajua ni bandama langu. Nilitaka kumwomba radhi, maneno yakaja mengine.

"Asante kwa kunibeba," nikamwambia.

Akasimama. Akaniuliza nimesema nini. Nikarudia. Akageuka akawaita wenzake, na wote mia wakarudi wakasimama kwenye ukungu, wamevua kofia ambazo hawakuwa nazo. Akasema tangu niumbwe, vizazi na vizazi vyao vimepita humu, wamepandisha hewa mpaka kichwani nilipokuwa nazaa mtoto wa saba, wamekwenda mpaka kidoleni nilipokuwa nalala na baridi, na hakuna aliyewahi kuambiwa neno hilo. Mmoja wa nyuma akasema karibu, wengine wakamnyamazisha.

"Hili bonge nakwenda nalo mimi," akasema mzee. "Lisikuumize. Kesho asubuhi watazaliwa wengine pale pale pajani. Migongo yao haina kitu. Wapokee vizuri."

Nikamwuliza nitawapokeaje, na wageni nao watakunywaje togwa ambayo mpishi hajaigusa.

Akafikiri. "Imelda ana mdomo," akasema, akaingia kwenye ile nyumba.

Sisimizi alibaki anakusanya karatasi. Nikamwuliza kama kweli hayo yote yametokea, maana mimi nikiota huwa naota vitu visivyo na maana. Akasema yeye ni mpimaji, hasemi bila kupima. Akanishika mkono, kwenye kiwiko pale nilipochomwa sindano, akauinamisha uso wake mpaka miwani ikagusa ngozi.

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Nilisikia Imelda jikoni anavunja kuni. Kitu cha kwanza nilihesabu vidole vya miguu, kumi, na kile kidogo cha kushoto kimefungwa bandeji yake ile ile ya jana. Nikamshukuru Mungu, nikakishukuru na chenyewe, kwa sauti ndogo ili Imelda asiniite kichaa.

Halafu kiwiko kikaniwasha. Nesi Ansila aliniambia nisiibandue ile pamba ya sindano, yenye doa la damu, na mimi kwa mambo ya nesi ni mtiifu, nililala nayo. Sasa kutoka kwenye ufa wa ukuta ulikuwa umeshuka mstari wa sisimizi, umepita mguu wa kitanda, umepanda blanketi, umefika kwenye pamba. Wanafika, wanaonja, wanarudi. Chai yangu ni kavu mwaka wa tisa huu, na chumbani humu hakuna hata punje ya sukari.

Nikamwita Imelda. Alipoingia akainua ufagio, nikamwambia awaache, wako kazini. Nikamwambia aoge twende wote kliniki, kuna jambo la kumwambia daktari kabla karatasi haijafika, na kwamba kuanzia arusi ya Jumamosi ijayo mezani atakunywa yeye badala yangu. Akaniuliza, mama, kwani kuna nini. Nikamwambia aniletee miwani.

Kulikuwa na mmoja pembeni ya mstari, haonji, amesimama tu kwenye ukingo wa pamba anawatazama wenzake wakipita. Nikavaa miwani, nikauleta mkono karibu na dirisha, nikamhesabu miguu.

Mitano.

Nikamwambia kamwene, nikaanza kuvaa soksi.